Salamu Zilizosimamisha Mashine

Huko milimani, juu ya Gonja, kuna mashine ya kukata tangawizi. Ikiwaka, mbuzi wa mlima wa pili huacha kula wakaisikiliza. Mashine ni mali ya kikundi cha wakulima. Inakaa bandani kwa Nathanaeli na mkewe, Blandina.

Mwezi huo kikundi kilitoa onyo. Mashine ikisimama tena siku tatu, itahamia kwa Loth. Na Nathanaeli na Loth hawajaelewana tangu wabatizwe.

Jumatatu ikasimama. Nathanaeli akachukua simu ya kikundi. Simu hiyo ina programu ya matengenezo. Ukiandika tatizo, linamfikia fundi Mwanahalima mjini Same. Lakini nafasi ya kuandika ni herufi mia moja tu.

Nathanaeli amelelewa vizuri. Hawezi kuanza na shida. Akaandika:

"Habari za huko fundi. Huku hatujambo. Bibi amepona goti. Ng'ombe kazaa jike. Mvua ipo. Sasa, mashine"

Herufi zikaisha.

Mwanahalima akabahatisha. Jumanne akapanda mlima na kisu kipya cha mashine. Kumbe kisu kilikuwa kizima. Mkanda ndio uliokuwa unateleza, umeungua kabisa. Akashuka kufuata mkanda. Jumatano jioni, kabla siku ya tatu haijaisha, mashine ikawaka, Loth akiwa ameshafagia banda lake.

"Shikamoo, baba," Mwanahalima alisema, akijifuta jasho.

"Marahaba, mwanangu. Salamu zangu ulizipata?"

"Nilizipata zote. Tatizo ndilo sikulipata. Leo tunaweka namba za hitilafu. Sehemu gani, ina nini, kwa nini. Mkanda ukikatika, chagua M1. Ukiteleza, M2. Kisha chagua sababu. S1 ni maji. S2 ni mafuta. S3 ni uchakavu."

Nathanaeli akafurahi. "Tuweke sabini! Tuweke na ya mashine imenuna."

"Mwache, fundi," Blandina alisema. "Huyu hata kuku wake kawapa vyeo."

"Zikiwa sabini, baba, utachoka kusoma, uchague ya juu kila siku. Kumi zinatosha. Jambo lisilo na namba, chagua 'Nyingine', ulieleze kwa maneno. Likijirudia, tutalipa namba yake."

"Na salamu?"

"Salamu nipigie jioni."

Kazi ya kujaza namba akapewa Blandina. Mkanda ukiteleza, anaushika, ananusa vidole, anachagua. Kisha anaufuta, kazi inaendelea.

Baada ya mwezi Mwanahalima alirudi. Akafungua orodha kwenye simu.

"Tazameni. M2, S2. Mara nne. Zote Jumatatu asubuhi. Mafuta yanatoka wapi?"

"Mimi nilidhani injini inavuja," Blandina alisema.

"Injini haiwezi kuchagua siku, mama."

Nathanaeli akaanza kuhesabu mabati ya paa.

"Baba Jenifer," Blandina aliita polepole. "Jumapili ukitoka kanisani, huwa unakuja huku na wageni. Unafanya nini?"

"Nawaonyesha mashine."

"Na nini tena?"

"Naipaka samli kidogo. Ing'ae."

"Mpaka mkanda?"

"Ningeubagua vipi, na wenzake wote wanang'aa?"

Mwanahalima alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la tangawizi. "Mafuta ni ya beringi, baba, tena yale ninayoleta mimi. Mkanda unataka ukavu."

Samli ikarudi jikoni. Tangu hapo mashine haijasimama hata nusu siku. Loth akafuga bata katika banda lake.

Nathanaeli naye kila jioni humpigia Mwanahalima. Huanza na goti la bibi, hupita kwa ng'ombe, huzunguka na mvua ya mlima mzima. Simu ikikaribia kuzimika, Mwanahalima huuliza, "Na mashine, baba?"

"Mashine? Hiyo haina habari, mwanangu. Ngoja nimalizie ya ndama."