Saa Iliyomtambua Saskia

Hilux ilipita taa nyekundu Barabara ya Nebo, na dereva wa lori la miwa akatoa kichwa dirishani akamtukana mwendeshaji na ukoo wake wote.

Merrin Tolhurst hakugeuka.

"Rudia," alisema kwenye simu.

"'Mkono umepatikana Mackay. Tunauchukua leo mashindanoni.'" Ilikuwa sauti ya Colvin, bosi wake katika kitengo cha kulinda mashahidi, kutoka Brisbane. "Basi. Ndivyo walivyoandikiana asubuhi hii."

"Mkono gani?"

"Ningejua ningekusumbua?"

"Na mashindano?"

"Watoto. Kuogelea. Bwawa la mjini. Na yule msichana wetu anaogelea, Merrin."

Merrin alikanyaga mafuta.

Msichana mwenyewe alikuwa na miaka kumi na miwili. Melbourne alikuwa akiitwa Saskia. Baba yake alikuwa karani bandarini, akaona makontena fulani yanapita bila kufunguliwa, na siku moja akafungua moja. Ndani, katikati ya vipuri vya matrekta, kulikuwa na unga wa kulevya wa kutosha kuua mji. Kesho karani huyo angesimama mbele ya jaji na kutaja majina. Yeye amefichwa kwingine. Mke na binti wamefichwa hapa Mackay, mji wa miwa kwenye pwani ya Australia. Majina yamebadilishwa, nywele zimebadilishwa, hata mbwa amepewa jina jipya na mpaka leo haliitikii. Saskia sasa ni Kirra. Mama yake sasa ni Denise.

Baba hawakumpata. Lakini wakimpata binti, baba atameza maneno yote, na wauza unga watatoka mahakamani wakipungia watu mikono.

"Polisi wa hapo?" Merrin aliuliza.

"Wanakuja. Kuna ajali darajani, wamekwama ng'ambo. Kwa sasa uko peke yako."

"Kama kawaida."

Alikata simu.

Bwawani kulikuwa na moshi wa soseji, kelele za kipaza sauti, na watoto wasiohesabika. Wote kofia buluu. Wote miwani myeusi. Wote pua zimepakwa dawa nyeupe ya jua. Hata aliyewazaa angehitaji kuangalia mara mbili.

Merrin alikuwa na bastola ya Glock chini ya koti jepesi na kidude cha mawasiliano sikioni. Alimkuta Denise kwenye kivuli cha turubai, amekalia boksi la barafu.

"Wewe tena," Denise alisema. "Si mlisema hamtatukaribia?"

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu! Mama yangu mzazi anadhani tuko Perth. Mmetutupa huku kwenye joto na mbu, halafu unakuja kunikaripia mbele za watu?"

"Punguza sauti."

"Punguza wewe!"

Merrin alichuchumaa. "Wameandikiana kwamba mkono umepatikana. Mkono. Unakuambia nini?"

Denise alifungua mdomo ajibu jeuri. Macho yalimtoka yakaenda kwenye maji, ambako watoto walikuwa wakipasha mwili moto, na Merrin akayafuata. Njia ya nne msichana mwembamba alikuwa akipita kama sindano kwenye kitambaa. Kwenye kifundo cha mkono wake kulikuwa na saa ya rangi ya chungwa.

"Ile saa kaitoa wapi?"

"Nimemchagulia mimi." Hata kwenye hofu, Denise alijivuna kidogo. "Nimekesha na simu nikilinganisha. Garmin, uuze figo. Apple, betri yake hainitoshi. Hii Tidara inahesabu yenyewe amekwenda na kurudi mara ngapi. Skrini inajifunga isichezewe na maji. Akibadili mtindo, inajua. Hata mkono wake wa kushoto, ule aliouvunja akiwa mdogo, anaoupindua kidogo kabla hajavuta maji. Kocha wa Melbourne alihangaika nao mwaka mzima. Saa iliutambua siku ya kwanza!"

"Iliutambua," Merrin alirudia.

Denise aligeuka kumtazama.

"Melbourne alikuwa na saa gani?"

"Nyingine. Iliibwa." Sauti ilikuwa imeshuka sana. "Ile siku walipovunja nyumba. Hawakuchukua kitu kingine. Nyie ndio mlisema ni vibaka."

"Tulisema," Merrin alikubali.

Kumbe hapo ndipo. Jina hubadilishwa, nywele hubadilishwa, shule hubadilishwa. Namna mtoto anavyovuta maji haibadilishwi na karatasi ya serikali. Wezi walikuwa na mkono wa Saskia ndani ya saa ya zamani. Wakafungua kampuni, wakatengeneza saa nzuri za bei ya kutupa, wakazisambaza kwenye vilabu vyote vya pwani, wakakaa kungoja mkono ule upige maji.

Denise aliuliza kuhusu maji. Aliuliza kuhusu betri, mkanda, udhamini. Hakuuliza kitu kimoja: huko zinakokwenda habari za mwanangu, nani anakaa akazisoma? Mzazi unayeshika kiboksi dukani sasa hivi, uliza hilo kwanza. Mambo ya rangi yatafuata.

"Waliiuzia klabu kwa nusu bei?" Merrin aliuliza.

"Na mtu wao yuko hapa leo. Brodie Sloane. Muungwana kweli, watoto wanampenda." Denise alisikia alichosema, akaziba mdomo kwa kiganja.

Brodie Sloane alikuwa upande wa pili wa bwawa. Shati jeupe, nembo ya chungwa, beji ya mfadhili shingoni. Anacheka na kila mtu. Kwenye kishikwambi chake vilitembea vidoti vingi. Kila kidoti, mtoto wa mtu.

Nyuma ya uzio, kwenye geti la nyuma, HiAce nyeupe ilikuwa inanguruma. Wanaume wawili. Hakuna mtoto.

"Merrin?" Colvin sikioni.

"Mkono ni mkono wa mtoto," alijibu. "Nitakueleza."

Walimwita Kirra ukingoni. Alikuja amenuna.

"Mita mia ndiyo hii inaanza! Mnataka nini?"

"Vua saa," Merrin alisema.

"Kwenye mbio hairuhusiwi saa, nilikuwa navua mwenyewe. Kwani wewe nani?"

"Shangazi yako."

"Sina shangazi."

"Leo unaye. Nenda kashindane."

Kirra alimtazama mama yake, mama akatikisa kichwa kukubali, na binti akaenda zake akiburuza miguu. Merrin alikuwa amepiga hesabu yake: getini kuna gari, majini kuna waamuzi na umati mzima unatazama. Majini ni salama zaidi.

Hesabu ilikuwa na kosa. Hakuliona bado.

Denise alimshika mkono. "Hiyo saa mvalishe mwingine. Yule pale, wa kina Petersen. Wanalingana kimo."

Merrin alimtazama.

"Rudia."

Denise alianza kulia bila sauti, amekumbatia magoti.

Merrin aliivaa saa mwenyewe, akakaza mkanda, akaelekea nyuma ya nyumba ya pampu, karibu na geti. Kule ng'ambo, kwenye kishikwambi cha Sloane, kidoti kimoja kilikuwa kimejitenga na wenzake.

Hakungoja sana. Viatu kwenye kokoto. Wawili. Wa kwanza alizunguka kona na taulo mikononi na sauti tamu mdomoni.

"Mrembo, mama yako ameniambia nikuchu—"

Akakoma. Akamtazama Merrin kuanzia mikunjo ya macho hadi buti.

"Mbona umezeeka hivi, Saskia?"

"Klorini," Merrin alisema, akampiga usoni na kifuniko cha pipa.

Pua ililia. Wa pili alitia mkono kiunoni. Akakuta Glock inamtazama katikati ya nyusi.

"Utoe polepole. Mkono mtupu."

Alitoa mtupu.

Aliwafunga pingu moja, wawili kwa bomba moja. Yule wa pua alikuwa anavuja damu mpaka shatini, lakini alianza kucheka.

"Nini cha kuchekesha?"

"Wewe. Unadhani Brodie anahitaji hiyo saa? Yule alikuwa kocha, mama. Ameutazama mkono ule kwenye skrini mpaka anauota. Hapa karibu hivi, atautambua jicho moja limefumba."

Honi ya kuanzisha mbio ililia.

Merrin alikimbia.

"Wasichana, mita mia, mtindo huru!" kipaza sauti kilibweka. Wanane majini. Kofia nane buluu. Alipofika ukingoni walikuwa wamekwisha kugusa ukuta wa mbali na kugeuka. Njia ya nne ilikuwa mbele kwa mwili mzima, na mkono wa kushoto ulikuwa ukipinduka kidogo kabla ya kuvuta. Kila mara. Wazi kama saini.

Sloane alikuwa amekiacha kishikwambi kwenye kiti.

Alikuwa anatembea kuelekea mwisho wa njia ya nne. Hana haraka. Taulo mkononi, tabasamu usoni. Taulo lilipeperuka kidogo na Merrin akaona kilichokuwa chini yake.

Sindano.

Mtoto kuzirai baada ya mbio si ajabu. Mfadhili mwema atambeba kwenda huduma ya kwanza, watu watampisha, wengine watamfungulia mlango.

"Usifyatue," Colvin alisema sikioni. "Watoto."

"Najua ni watoto!"

Merrin alikuwa upande wa kushoto wa bwawa, mbali na ukuta. Sloane alikuwa ameshafika. Kando ya Merrin kulikuwa na nguzo, na juu ya maji, kutoka nguzo hiyo hadi ya pili, kamba ilikuwa imetandazwa bwawa zima. Ni ile ya kuwasimamishia waogeleaji wakianza mbio vibaya: inaangushwa, inawazuia. Mzee wa kofia nyeupe alikuwa amelishikilia fundo lake kwa heshima zote.

"Niachie," Merrin alisema.

"Hii haishikwi na mzazi, bibie. Rudi kwenye—"

Alivuta fundo.

Kamba ilipiga maji. Wasichana wanane waliivamia mmoja baada ya mwingine, wakasimama, wakatoa vichwa wakikohoa na kulaani kama mabaharia. Jukwaa zima lilisimama pamoja nao.

"Mwendawazimu!"

"Mtoto wangu alikuwa anavunja rekodi, ng'ombe wewe!"

"Mtoeni huyo! Mtupeni nje!"

Kikombe cha soda kilimpata Merrin begani. Sloane, pale ukutani, alibaki na taulo na hana wa kumkumbatia. Alimwona Merrin. Alielewa. Akachuchumaa.

"Kirra!" aliita, sauti ya asali. "Mbio zimevunjika, mwanangu. Njoo nikutoe, utapata baridi!"

Alikuwa mjomba wa saa. Muungwana. Kirra aliinama chini ya kamba, akaanza kuogelea kumfuata.

Merrin alikuwa mbio ukingoni, wazazi wanamvuta koti, mmoja amemshika mkanda. Hakuwa na pumzi ya kupiga kelele.

Aliyepiga kelele ni Denise.

"SASKIA!"

Alikuwa amesimama juu ya boksi la barafu, uso umelowa machozi. Jina hilo halikuwa limetoka mdomoni mwake tangu Melbourne.

"Saskia! Usiende kwake! Kaa hapohapo!"

Msichana alisimama majini kama aliyeguswa na umeme.

Sloane alijinyoosha amshike mkono ule ule. Vidole vilikuwa vimebakiza shibiri tu. Ndipo Merrin alipojing'oa kwenye koti, akamwachia aliyekuwa amelishika, akampiga Sloane kiunoni kwa bega lake lote.

Wakaingia wote wawili.

Chini ya maji hakuna Colvin. Hakuna zomeazomea. Kulikuwa na mapovu, na mtu aliyejua maji kuliko yeye. Sloane alimkaba shingo akamsukuma sakafuni. Sindano ilimpita Merrin shavuni. Alishika mkono ulioishika, akaukunja upande usiokunjika, akaiona ikizama. Kisha akapata utepe wa beji ya mfadhili, akauzungusha shingoni mwa Sloane, akaweka magoti mgongoni, akavuta.

Akavuta tena.

Walipoibuka, Sloane alikuwa wa buluu kama kofia za watoto, na polisi wawili kati ya wale waliokwama darajani walikuwa wananyoosha mikono wamtoe.

"Angalieni sakafuni mwa bwawa," Merrin alikohoa. "Kuna sindano. Na wawili nyuma ya pampu."

Saskia alikuwa amefungwa taulo, mama yake amemng'ang'ania mpaka anakosa hewa. Alitoa kichwa kwapani mwa mama.

"Nilikuwa naongoza," alimwambia Merrin kwa uchungu.

"Niliona."

"Ningeshinda!"

"Ungeshinda."

Kidude cha sikioni kilikohoa maji, kikapata sauti.

"Baba yake yuko hapa," Colvin alisema. "Amesikia kuna fujo. Anasema bila kujua hali ya mtoto, kesho hafungui mdomo. Nimwambie nini?"

"Mwambie binti yake amekasirika."

Mbali nyuma ya Colvin, mwanaume mzima alisikika akilia na kucheka kwa pamoja.

"Atafungua," Colvin alisema.

Merrin alifungua mkanda wa saa ya chungwa, akampa polisi ndani ya mfuko wa plastiki. Mwingine alikuwa ameanza kuzikusanya za watoto wote, na wazazi walikuwa wanamtukana naye.

"Leo mnahama," alimwambia Denise. "Mna saa moja tu ya kupakia vitu."

Denise alifuta pua. Hakuwa na ugomvi tena, na hilo lilimtisha Merrin kuliko ugomvi. "Huko tuendako ataogelea?"

"Kesi ikiisha, popote anapotaka. Kabla ya hapo, kwa starehe, bila mbio."

"Basi niambie wewe unayejua mambo haya. Nimnunulie saa ipi?"

Merrin alielekeza kidevu ukutani, juu ya vyoo. Ilikuwepo saa kubwa ya klabu, ya duara, kioo kimepauka kwa jua, mshale mmoja mwekundu unazunguka.

"Ile. Haimjui mtu."

Mzee wa kofia nyeupe alimfikia, uso mwekundu, kipande cha kamba bado mkononi.

"Wewe! Jina lako! Nakufungia! Hutakanyaga bwawa lolote la Queensland mpaka unaingia kaburini!"

"Sawa," Merrin alisema.

Alipita katikati ya umati unaomzomea, buti zikitema maji kila hatua, akaenda kutafuta alipoegesha Hilux.