Anawajibu Wote, Ila Mkewe

"Anacheka! Mume wangu... anacheka!"

Nyamvula alisimama nje ya mlango wa Florence, mchi mkononi, hasira zimempanda. Ndani alisikia sauti ya Kahindi. Yule yule ambaye nyumbani ni kimya kama kaburi!

Jamani, ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Vita vya Bama, kule ng'ambo Asia, vilipokwisha, Kahindi alirudi Mikindani. Kule vitani alikuwa askari wa mizinga. Nyamvula alimpokea kwa vigelegele, lakini aliyerudi siye yule aliyeondoka.

Akiitwa, kimya. Akiulizwa, mara hujibu kisichoulizwa.

"Nikupakulie wali?"

"Naona, itanyesha."

Basi juzi Nyamvula akampa habari kubwa kuliko zote.

"Nina mimba."

Kahindi akavaa kofia yake, akatoka zake!

Nyamvula alilia mpaka macho yakavimba. Hanitaki huyu. Ana mwingine!

Na mwingine nani, kama si Florence? Mjane wa bara, muuza mbaazi wa karibu na stesheni. Huyo akiuliza neno, Kahindi humjibu sawasawa. Tena wakitazamana usoni, bila haya...

Akausukuma mlango.

"Mwizi wa waume wewe!"

Florence akaruka. Kahindi, aliyeupa mlango mgongo, aliendelea kula mbaazi zake, macho kwenye sahani.

"Kahindi!"

Wapi!

Kahindi hakugeuka.

"Dada, hasikii," Florence akasema polepole. "Mizinga ilimmaliza masikio. Huangalia midomo ya watu. Baba yangu alikuwa kiziwi, ndiyo maana nikamgundua. Huja hapa nimfundishe."

"Mbona mimi hakuniambia?"

"Aliogopa utamkimbia. Na kazi yake bandarini, wakijua, imekwenda. Halafu nawe, ukisema naye wainamisha uso. Ataona nini?"

Ndivyo Nyamvula alivyolelewa: mke mwenye adabu hamkodolei mumewe macho. Kumbe heshima yenyewe ndiyo iliyomfungia mlango!

Akautupa mchi, akamzunguka mumewe, akamwinua kidevu. Akamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu waoane.

"Nina... mimba."

Kahindi aliikazia macho midomo ile.

"Sema tena."

Akasema tena. Mwanamume aliyetoka Bama bila kutoa chozi, siku hiyo alilia kama mtoto!

Baada ya hapo mama mkwe, Jumwa, akaja kuwatembelea. Alimwona Nyamvula akisema na mumewe uso kwa uso, mbele ya wageni.

"Mke gani huyu asiye na haya? Kwenu hukufunzwa?"

Nyamvula angeweza kueleza. Lakini siri ilikuwa ya mumewe.

"Nisamehe, mama," akajibu, kisha akamgeukia Kahindi, akaendelea pale alipoachia.

Wapendwa, kusema si kufikisha. Mwenzio akinyamaza, usikimbilie kumhukumu. Pengine neno lako halijamfikia, na anayelizuia ni wewe!