Huyu Hachukuliwi

Kiti cha jirani kilikuwa kitupu, lakini kilikuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Mkunga alikigusa, akaondoa mkono haraka. Mchana kweupe, maktaba ya chuo imejaa watu. Nani aogope kiti?

Tena hakuja kucheza. Dada yake alikuwa mjamzito. Mtoto wa kwanza mzima. Wawili waliofuata waligeuka manjano, wakafia mikononi mwake yeye mkunga. Mama mkwe wa dada alishakata shauri: kuna jini limeuchagua uzao huo, na huyu wa nne ashonewe sanda mapema.

Aliandika kwenye kompyuta, katika hazina ya tafiti: watoto kufa. Majibu yakamiminika maelfu, na kila alilofungua lilikuwa na mstari mmoja tu: Na huyu ni wangu.

Harufu ya nywele zilizoungua ikampanda puani.

"Mwanangu, funga hiyo," mkutubi alinong'ona nyuma yake, mama wa makamo, midomo imemkauka. "Linakaa hapo. Ukiuliza ovyo ovyo, linajibu lenyewe."

"Basi nifundishe kuuliza, mama."

"Huogopi?"

"Naogopa. Nifundishe."

Mkutubi alivuta pumzi, akainama sikioni. "Livunje swali vipande. Kila kipande kipe majina yake yote, utie AU katikati. Vipande uvifunge kwa NA. Maneno yasiyoachana yatie alama za kunukuu. Yanayokupoteza, yatoe kwa SIYO."

Mkunga akaandika: "mtoto mchanga" AU kichanga, NA manjano, NA "damu ya mama". Majibu yakapungua, na kadiri yalivyopungua ndivyo baridi ilivyomtambaa mgongoni, kiti cha jirani kikajivuta chenyewe hadi kikagusa goti lake, na kutoka pale patupu kikaanza kilio chembamba cha kichanga, kilio kilekile alichokisikia kikizimika mikononi mwake mara mbili, kikimsihi aache, asitafute tena, na machozi yakimtiririka akaendelea kubonyeza.

"Lia," alisema akiuma meno. "Mimi nasoma."

Zilibaki tafiti saba. Ya kwanza ilieleza damu ya mama ya kundi hasi inavyopigana na ya mtoto wa kundi chanya kuanzia mimba ya pili, na namna ya kumwokoa kwa kumbadilishia damu. Taa zikapepesa maktaba nzima. Mkutubi alimshika bega, hakukimbia.

Daktari wa dada aliisoma, akampima dada damu: hasi. Tangu siku hiyo mimba ililindwa kama mboni ya jicho.

Mtoto alizaliwa, akaanza kugeuka manjano. Damu ilikuwa tayari, wakaanza kumbadilishia. Hapo mlango wa chumba ukabishwa, polepole kwanza, kisha kwa nguvu mpaka bawaba zikalia, na muuguzi aliyechungulia kwenye kioo akasema hakuna mtu nje.

Dada alimkamata mkunga mkono. "Limekuja?"

"Limekuja." Mkunga aliegemeza mgongo wake mlangoni, akakanyaga sakafu kwa miguu yote miwili. "Bisha mpaka mkono ung'oke," alilijibu. "Humu ndani tuna kazi."