Udhu wa Mwinjuma

Aliyeziona nyayo kwanza ni Zabibu.

Alikuwa mke wa Abdulkarimu, askari mwenye cheo cha ombasha, na kama wake wengine wa askari aliishi kambini Ndundu, kwenye kivuko cha mto Rufiji, ambako Wadachi walikuwa wamejenga ngome ya miti na udongo tangu vita vya Maji Maji vilipoanza. Asubuhi ile alikuwa anakwenda kuchota maji. Akapita kando ya kiwanja walichokuwa wakiswalia askari zamani. Siku kumi na tano hakuna aliyekikanyaga. Ilikuwa kiangazi, vumbi tupu, na juu ya vumbi lile kulikuwa na nyayo zilizolowa. Zilitoka mtoni, zikaja moja kwa moja mpaka pale anaposimama imamu. Hazikurudi.

Akamwita mumewe.

"Tazama vidole," akasema kwa sauti ya chini. "Vinatazama huku kwetu. Nani anaswali kaipa kibla mgongo?"

"Mvuvi tu," Abdulkarimu akajibu, akaanza kuzifuta kwa buti.

"Mvuvi gani anapita mbele ya bunduki za zamu?"

Abdulkarimu akainama. Vumbi alilolisogeza lilikuwa linanuka karafuumaiti, ile wanayopakwa wafu kabla ya sanda.

Mkuu wa ngome ile alikuwa Mdachi ambaye askari walimwita Bwana Ndevu. Wapiganaji waliokamatwa walikutwa na vibuyu vya maji ya dawa ya kugeuza risasi, naye akaona kwamba watu weusi wote wana dawa. Akaamuru askari wavue hirizi zao, akazichoma mbele yao. Kisha akapiga marufuku adhana na swala ya jamaa. Askari mmoja aliyethubutu kuuliza sababu alilazwa chini akapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, mpaka akabebwa. Abdulkarimu ndiye aliyekuwa muadhini wao. Tangu siku ile aliswali ndani ya kibanda chake, midomo ikicheza bila sauti.

Halafu akaletwa Mwinjuma.

Alikuwa mkulima mtu mzima wa Mahege, aliyekamatwa njiani akienda Mtawanya. Kama aliapa kwa maji au hakuapa, hakuna aliyejua. Walipomsimamisha ukingoni mwa mto apigwe risasi, alimtazama Abdulkarimu, aliyekuwa mkalimani, akasema, "Mwanangu, nipeni maji nitawadhe. Niswali rakaa mbili, kisha mfanye mlilotumwa."

"Anasema nini?" Bwana Ndevu akauliza.

"Anaomba maji, bwana."

Neno lile, maji, Mdachi alilijua, akadhani ni dawa ile ya wapiganaji. Uso ukamwiva. Abdulkarimu alikuwa na maneno mengine kwenye ulimi: ya kutawadha, bwana, ya ibada, si ya vita. Akaukumbuka mgongo wa yule aliyepigwa. Akayameza. Bunduki zikalia, Mwinjuma akaanguka mtoni, mto ukamchukua bila kuoshwa, bila sanda, bila swala.

Hayo yalitokea siku tatu kabla ya zile nyayo.

Jioni ya siku ya nyayo, jua linazama, ndipo sauti ikaja. Ilitoka majini.

"Hayya alas-swala."

Njooni kwenye swala. Askari wakaacha walichokuwa wakifanya. Ilikuwa sauti ya Mwinjuma, ile ile ya upole. Harufu ya karafuumaiti ikajaa kambini. Sadala, askari mcheshi aliyekuwa akikoroga wali, akaweka mwiko chini, akapangusa mikono, akatembea kuelekea mtoni kama mtu aliyechelewa msikitini. Walinzi walidhani anakwenda haja. Walipomfuata walikuta buti zake ukingoni, moja kando ya nyingine, kama zinavyoachwa mlangoni pa msikiti.

"Mamba," alisema Bwana Ndevu. Akarudi kula.

Usiku Shaushi Mrisho, mkubwa wa askari pale, alikuja kibandani kwa Abdulkarimu.

"Ombasha, wewe umesoma. Ni mzimu wa yule mzee?"

"Aliyekufa harudi, Shaushi. Hilo ni jini la mto. Limeokota sauti yake kwa sababu tuliitupa."

"Tufanyeje?"

"Dawa yake imepigwa marufuku."

Mrisho akatazama chini, akaondoka.

Kesho yake jua lilipoanza kugusa miti, askari wote walikuwa wanautazama mto. Sauti ikaita mara moja, na safari hii Abdulkarimu akajiona ameshasimama, akajiona anavuka mlango wa ngome, na miguu yake, ambayo hakuiamuru, ikashika njia ya mtoni, na mbele yake, pale maji yalipogusa mchanga, akaona mtu amesimama amempa mgongo, kanzu imemganda mwilini, akijimwagia maji mikononi, akianza na kushoto badala ya kulia, akirudia na kurudia kama mtu ambaye udhu wake haukamiliki, na kila alipomwaga maji yalitoka meusi, na nyuma yake Abdulkarimu alisikia mabuti ya wenzake, wengi, wanakuja polepole kwa hatua moja, na akataka kupiga kelele lakini koo likawa limejaa ladha ya tope.

Mkono ukamshika mkanda kwa nyuma. Zabibu alikuwa amepiga magoti mchangani, anavuta kwa nguvu zake zote.

"Adhini!"

"Amri…"

"Amri ya nani? Msikilize huyo! Anaita watu kwenye swala, Mwenye swala hamtaji! Mtaje wewe!"

Abdulkarimu akatia vidole masikioni.

"Allahu akbar! Allahu akbar!"

Sauti ilitoka kama ya kuku aliyekabwa, kisha ikafunguka. Yule wa majini akageuka. Chini ya kilemba hapakuwa na uso, palikuwa na maji yanayozunguka. Abdulkarimu akafumba macho, akaadhini yote. Alipoyafumbua, mto ulikuwa mtupu, na askari thelathini walikuwa wamesimama nyuma yake wakilia kama watoto.

"Wenzangu," akasema, "Mwinjuma aliomba maji ya kutawadha. Nilijua. Nikanyamaza."

Shaushi Mrisho akaweka bunduki chini.

"Pangeni safu," akasema.

Wakawaswalia Mwinjuma na Sadala swala ya maiti wasiokuwapo, wima, bila rukuu. Bwana Ndevu alitoka na bastola mkononi, akaiona migongo thelathini na moja, akasimama. Hakufyatua.

Asubuhi Abdulkarimu alivuliwa cheo, akalazwa chini. Mrisho ndiye aliyepewa kiboko. Alipiga ishirini na tano akihesabu kwa sauti, machozi yakimdondoka.

Siku mbili sauti haikusikika. Siku ya tatu, adhuhuri, jua kali, Bwana Ndevu akatoka chumbani bila kofia.

"Nani ananiita?" akauliza.

Askari wakatazamana. Hawakusikia kitu. Yeye akatega sikio, akatabasamu kama mtu aliyeitwa na mama yake, akatembea kwenda mtoni.

Abdulkarimu alikuwa amelala kifudifudi mbele ya kibanda chake, Zabibu akimkanda mgongo. Akajiinua. Alipofumbua kinywa, mkono wa Mrisho ukakiziba.

"Alisema asisikie adhana kambini," Shaushi akanong'ona. "Amri ni amri. Mwache."

Abdulkarimu akautazama ule mkono. Akauondoa.

"Nilishanyamaza mara moja, inatosha," akasema.

Akakokota miguu mpaka ukingoni, majeraha yakifunguka na damu ikimtiririka, akaadhini. Maji yalikuwa yameshamfika Mdachi kifuani. Akasimama. Akageuka, macho yamemtoka, uso umeiva kwa hasira.

"Kimya!" akapaza sauti. "Simsikii anayeniita!"

Akaugeukia mto, akaenda zake kilindini.

Abdulkarimu hakunyamaza. Aliendelea mpaka neno la mwisho, na alipomaliza, maji yalikuwa yameshatulia.