Funguo za Kamandi ya Mashariki

"Nyigu, funga kazi. Nyaraka za huyo Kanali anayekuja ni safi. Mwache apite."

Sauti ya Mkuu wa Idara ya Ujasusi ilitoka kwenye kisikilizio kidogo kilichofichwa sikioni.

Nyigu alikuwa ameketi nyuma ya meza ya ghala, daftari mbele yake, akijifanya karani wa makumbusho. Kwa wiki tatu alikuwa akiandika historia ya Kamandi ya Mashariki: vita ilivyopigana, makamanda wake, mila zake. Kamandi yenyewe ilikuwa imevunjwa miezi mitano iliyopita kwa saini moja. Askari wakatawanywa huku na kule. Kambi ikabaki na popo, majani na mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa mjomba wake.

Sajini mtunza ghala, miaka thelathini na moja kazini. Aliambiwa asubiri mpaka silaha za mwisho zihamishwe. Na hizo hazikuwa manati za kutishia kunguru. Yalikuwa makombora arobaini ya kutungulia ndege, yale ya kubebwa begani, na kuna mfanyabiashara wa kigeni aliyeyatolea macho kama fisi aliyeona mfupa. Idara ilinasa simu zake. Ilijua atatuma mtu, ila haikujua ni nani.

Yakipotea, saini ya mwisho kitabuni ni ya Mjomba. Mzee wa watu angeozea gerezani. Na wale waliovunja Kamandi wangepata la kusema: si tuliwaambia, lile lilikuwa genge la wezi!

Hilo Nyigu hakuwa tayari kulimeza.

Nje malori matatu ya Isuzu yalizima injini. Saa tatu asubuhi, jua tayari kali. Kanali akaingia, magwanda yamepigwa pasi mpaka yanakata. Vijana wanne wenye AK-47 wakabaki mlangoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Afande," Mjomba alijibu.

"Mimi si mgeni hapa. Nimetumikia Kamandi hii miaka tisa. Inauma kuiona hivi, lakini amri ni amri. Makombora yanakwenda kuteketezwa."

Nyigu alibonyeza kalamu yake. Kamera iliyokuwa ndani yake ikarusha picha ya Kanali hadi makao makuu.

"Jina lipo, sura ipo, namba ipo," Mkuu alinong'ona sikioni. "Nimeshasema, mwache."

Mjomba alisoma hati mara mbili. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akachukua kishada cha funguo, akamnyooshea kwa mkono wa kushoto.

Kanali akainama kidogo na kupokea kwa mkono wa kulia, kama mtoto aliyelelewa akalelewa.

"Ahsante, Mzee wangu."

Nyigu aliacha kuandika.

Habari ya mkono wa kushoto alikuwa nayo daftarini, ukurasa wa kumi na mbili. Kamanda wa kwanza alipoteza mkono wa kulia vitani, na siku aliyokabidhiwa kambi alipokea funguo kwa kushoto. Toka siku hiyo Kamandi nzima ilipeana funguo kwa kushoto, kutoka jenerali hadi mpishi. Kwingine ungeambiwa huna adabu. Hapa, kutumia wa kulia lilikuwa tusi kwa marehemu, na aliyekosea alifagia ghala wiki nzima. Mtu wa miaka tisa asahau? Thubutu.

Adabu ndiyo iliyomponza.

"Mkuu, huyu ni feki," Nyigu alinong'ona kwenye kola yake.

"Ushahidi?"

"Kapokea funguo kwa mkono wa kulia."

"Umerukwa na akili? Ondoka hapo. Hiyo ni amri."

"Samahani, Mkuu. Siondoki."

Aling'oa kisikilizio, akakitumbukiza kwenye kikombe cha chai.

Mjomba naye alikuwa amekunja mikono kifuani. "Afande, hizo ulizoshika ni za jikoni na choo. Mgeni nisiyemjua huwa namjaribu na hizo kwanza."

Tabasamu la Kanali likayeyuka. Bastola ya Beretta ikatoka.

"Za ghala ziko wapi, wewe kizee?"

"Zitafute. Mimi nimekula kiapo hapa wewe hujaota ndevu. Piga basi, tuone nani atakufungulia."

Hasira zilimpanda Nyigu mpaka masikio yakawaka moto. Glock yake ilikuwa imebandikwa chini ya meza kwa utepe wa gundi.

Risasi moja.

Beretta ikaanguka. Kanali akashika kifundo cha mkono, damu ikimchuruzika, na kabla hajajua alie au akimbie, mdomo wa Glock ulikuwa kisogoni kwake.

"Waambie vijana wako waweke silaha chini."

"Wekeni! Wekeni chini!"

Wakaweka. Walikuwa watu wa kukodiwa, na wa kukodiwa hafi kwa ajili ya bosi. Dereva mmoja alijaribu kuondoa lori. Nyigu akampasulia tairi mbili, dereva akatulia.

Saa mbili baadaye Mkuu alishuka kwenye Land Cruiser, jasho likimtoka. Mjomba alikuwa anasaini kitabu: arobaini, yote yapo. Hakuinua hata uso.

"Aliyechomeka sura ya huyu mtu kwenye kumbukumbu za jeshi tumemkamata," Mkuu alisema. Akakohoa. "Sasa, ripoti. Andika kwamba Idara ndiyo iliyozuia wizi huu."

"Nimeshaandika."

Nyigu alimpa karatasi. Ilikuwa na mstari mmoja: *Makombora arobaini yamelindwa na Kamandi ya Mashariki.*

"Kamandi hiyo haipo, Nyigu."

Nyigu alivaa kofia ngumu, akawasha Yamaha yake.

"Kamwambie Kanali hivyo. Yuko pale, kafungwa pingu."

Akatia gia na kutoka getini bila kugeuka nyuma.