Mnunuzi wa Kwenye Simu

Mama Simu alisikia nyundo ya dalali ikigonga sikioni mwake kabla dalali hajaiinua. Alidhani ni laini mbovu. Kwa miaka tisa alikuwa akikaa pembeni mwa ukumbi wa mnada, simu sikioni, akinyoosha mkono kwa niaba ya wanunuzi waliopiga kutoka mbali, na vituko vya simu alikuwa amevizoea.

Adhuhuri ile walifikia kabati lenye kioo cha kujitazamia, mali ya mkunga mmoja marehemu. Wanawe wa kiume walitaka liuzwe wagawane. Binti yake, kitinda mimba, alikaa kiti cha mbele, amekaza roho alirudishe nyumbani. Kila alipoinua mkono, mzee mmoja aliyepiga simu alipandisha dau juu yake bila hata kuuliza bei imefika wapi.

Mama Simu akamwuliza kwa adabu anapiga kutoka wapi. Mzee akajibu kwamba yu karibu kuliko anavyodhani. Hapo harufu ya udongo mbichi ikaanza kutoka kwenye simu, nzito, kama ya kaburi lililochimbwa asubuhi.

“Binti anafuta machozi,” sauti ikanong'ona. “Ana kovu kisogoni. Mimi ndiye niliyempokea alipozaliwa.”

Binti aliinamisha kichwa, na kovu lilikuwepo.

“Mzee,” Mama Simu aliuliza, “kabati hili la nini kwako?”

“Sinunui kabati, mwanangu. Namnunua anayejitazama humo. Mama yake alishaniahidi kunipa.”

Dalali akamgeukia, nyundo juu, ukumbi mzima ukamgeukia, na yeye akahisi pumzi ya baridi ikipita sikioni, ikishuka shingoni, ikimsukuma mkono wake wa kulia uinuke, ukaanza kuinuka kweli, hata akaukalia kama mtu anayekalia nyoka.

“Simu imekata,” akadanganya.

Nyundo ikashuka. Kabati likawa la binti.

“Haidhuru,” ikasema sauti. “Nitakuja mwenyewe.” Mama Simu akachomoa waya wa simu ukutani, lakini sauti ikamalizia kuaga polepole.

Alimvuta binti kando akamweleza yote. Binti hakucheka, alisema marehemu alikuwa akikifunika kioo cha kabati kwa shuka kila jioni. Wakamwita bibi mmoja mganga. Bibi yule alisoma dua saa nzima, kioo kikapasuka chenyewe katikati, na tangu siku hiyo binti analala usingizi wake.

Mama Simu aliomba asishike simu tena. Wenye mnada wakamweka dirishani, kuwaandikisha wanaofika kwa miguu yao. Mnada uliofuata, mzee nadhifu akaja kuchukua namba ya mnunuzi. Alipofungua kinywa, Mama Simu akaitambua sauti ya kwenye simu, kalamu ikamponyoka.

“Binti nimemwacha,” alisema taratibu. “Nimemfuata aliyenikatia simu.”

Akachukua namba mwenyewe, akaingia ukumbini. Ndani, dalali akaanza kunadi. Hakutaja kiti wala meza. Alikuwa akilitaja jina la Mama Simu.