Niliolewa na Simu

“Soma tena,” nilimwambia Evarist.

“Dada Zuleha, nimeshasoma mara tatu. Haibadiliki.”

“Wewe soma.”

Evarist ana kibanda cha stationery karibu na stesheni ya Mpanda. Ndiye aliyenijazia fomu ya visa, na barua pepe za ubalozi zinaingia kwake, kwa sababu mimi paswedi niliisahau siku ile ile niliyoiweka. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasoma kwa sauti ya chini ili wateja wa fotokopi wasisikie. Ubalozi unasema picha ya harusi niliyotuma ina mashaka. Kumbukumbu zao zinaonyesha kwamba siku ya ndoa bwana harusi alikuwa kazini kwao, hakutoka nje ya nchi hata saa moja. Lakini kwenye picha yupo Mpanda, kavaa kanzu, kakaa pembeni yangu anatabasamu. Nifike mwenyewe ubalozini Nairobi ndani ya siku ishirini na moja nitoe maelezo. Nisipofika, nitahesabiwa nimedanganya, na sitaruhusiwa kuomba tena kwa miaka kumi.

“Basi naenda Nairobi,” nikasema. “Kesho napanda basi.”

“Kuna ya pili.”

“Ya pili nini?”

“Barua ya pili. Imeingia saa mbili baada ya hiyo.” Akageuza kompyuta niione. “Huduma zote za visa zimesitishwa mpaka tangazo lingine. Geti halifunguliwi kwa mwombaji yeyote, hata mwenye miadi. Wanaomba radhi kwa usumbufu.”

Nilikaa kwenye benchi. Wananiita, halafu wanafunga mlango, na siku zangu zinaendelea kuhesabiwa. Mtu akikwambia ingia na huku kaweka komeo, unaingilia wapi?

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mke wa mtu kwa mwezi wa kumi na nne, na mume wangu hajawahi kunishika hata mkono.

Feisal alikuwa anafanya kazi kiwanda cha samaki kwenye nchi moja ya baridi. Jina la nchi silitaji, nisije nikatafutwa. Tulijuana alipokuja likizo, likizo ikageuka msiba, akaingia dukani kwa baba yangu, Mzee Zubery, kununua sanda ya kumzikia baba yake. Mimi ndiye niliyempimia. Hakuweza kutaja mita, alinyoosha tu mikono kunionyesha urefu wa mzee wake, machozi yakamtoka. Siku tatu baadaye akarudi dukani, hakununua kitu. Kesho yake akarudi tena. Alipoondoka Mpanda tulikuwa tumeshaahidiana.

Kuja kuoa hakuweza. Kibali chake cha kuishi kule kilikuwa kinashughulikiwa, na ukitoka kabla hakijatoka, umepoteza kibali na kazi. Ndoa ikafungwa kwa uwakala. Mdogo wake, Rahim, akaipokea kwa niaba yake mbele ya sheikh, na Feisal akawa anafuatilia kwa simu ya video. Simu yenyewe tuliiegemeza juu ya mto mwekundu pembeni yangu, pale ambapo bwana harusi angekaa. Kwenye kioo anaonekana na ovaroli ya kiwandani na kofia ya plastiki, anafuta macho. Nyanda wa studio akatupiga picha hivyo hivyo, mimi na simu.

Sasa kosa langu lilianzia hapo, na simsingizii mtu. Wenzangu walinicheka wiki nzima. Hadia, rafiki yangu wa tangu shule, aliniuliza siku ya fungate nitamchaji mume wangu kwa chaja gani. Nilicheka nao, nikafika nyumbani nikalia. Asubuhi nikaenda kwa Nyanda, nikamwambia aondoe huo mto na hiyo simu, aniwekee mume. Nyanda hakuona tabu, ndiyo kazi yake, watu wa Mpanda anawasimamisha mpaka mbele ya maghorofa ya Dubai. Akachukua sura ya Feisal, akaibandika kwenye mwili wa mtu mwenye kanzu. Ikatoka picha nzuri mno. Nikaitundika sebuleni kwa baba, na siku ya kujaza fomu nikampa Evarist hiyo hiyo. Feisal sikumwambia.

Alasiri ya siku ile ya barua simu yake ikaingia. Hakunisalimia.

“Wameniletea nakala ya barua,” alisema. “Na picha. Zuleha, huyu mwenye kanzu ni nani?”

“Ni wewe.”

“Mimi kanzu yenye darizi ya dhahabu sijawahi kuwa nayo. Na kidole changu mashine ilikikata ncha, unajua. Huyu vidole vyake vyote vizima.”

Nikasema uongo. Nikamwambia ni Nyanda huyo, kachanganya picha za wateja, mimi nimeshangaa kama yeye. Nyuma yake nasikia mitambo inavuma.

“Nyanda nimempigia kabla yako,” akasema. “Kaniambia ulikaa naye mpaka akamaliza. Ulimwambia aning’arishe kidogo.”

Sikuwa na pa kujificha.

“Watu walinicheka, Feisal.”

“Ukaona bora unitoe.”

“Sikukutoa. Nilikuweka.”

“Uliweka mtu mwingine ukamvisha sura yangu. Mimi siku ile niliomba ruhusa ya dakika kumi, nikasimama kwenye korido ya chumba cha barafu, maana ndipo mtandao unaposhika, nikuone unavyoolewa. Nilijua na wewe unaniona. Kumbe ulikuwa unaona aibu.”

“Nisamehe.”

“Na kibali changu wamekishikilia. Wanasema kama mke ni wa kubuni, na mimi nina maswali ya kujibu.”

Akakata simu.

Wiki nzima na zaidi hakupokea. Nilimwandikia: “Feisal nimekosa. Nijibu hata kwa kunigombeza.” Tiki mbili zikageuka bluu, jibu hakuna. Nikaandika: “Umekula?” Bluu. Nikaandika salamu za mama yake, za Rahim, za mvua iliyonyesha. Bluu, bluu. Chakula kilinishinda, dukani nikawa nampimia mtu kitenge nakata mita tatu badala ya nne, mpaka baba akaninyang’anya mkasi.

Kila asubuhi nilipita kwa Evarist. Tuliandika maelezo marefu ya ukweli wote, tukayatuma ubalozini, na kabla hajainua mkono kwenye kibodi jibu likarudi: asante kwa kuwasiliana nasi, huduma zimesitishwa, usijibu ujumbe huu. Tukapiga namba zao, zinaita mpaka zinakatika. Evarist akasema bila picha ya kwanza, ile yenye simu, hata wakifungua hawataniamini. Nikakimbilia studio. Nyanda akakuna kichwa, akasema memori kadi ile ameshapigia harusi za watu wengine juu yake.

Siku ya kumi na mbili baba alinikalisha chini. Si mtu wa kufoka, na hapo ndipo ninapomwogopa.

“Wewe si mjane, si mke, si mwali,” alisema. “Utasubiri geti la watu mpaka uzeeke? Nitamwita sheikh, Feisal atoe talaka, uanze upya.”

“Sitaki talaka, baba.”

“Na yeye anataka nini? Ni siku ngapi hajapokea simu yako?”

Siku alizihesabu na yeye, alijua.

Kesho yake nilipanda bodaboda mpaka Kakese kwa mama mkwe, Bi Mwanaasha. Mama yangu mzazi alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo wa kumlilia nilikuwa na huyo mmoja tu, na ndiye niliyemharibia mtoto. Nilimkuta anageuza mpunga kwenye turubai. Sikungoja hata kukaribishwa.

“Mama, nimemharibia Feisal.”

Nikamweleza yote nimepiga magoti juu ya mpunga wake: picha, kanzu, barua, uongo wangu kwenye simu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakung’uta miguu, akaingia chumbani, akarudi na picha ya fremu ameishika kwa kanga. Ni mimi, mto mwekundu, na simu yenye uso wa mwanawe unaolia.

“Umeipata wapi hii?”

“Nilimwomba Nyanda ya kwanza, kabla hujaenda kuihangaisha. Iko juu ya kitanda changu tangu siku ile.”

“Mama, hii ni picha ya simu.”

“Nyie mliona simu. Mimi nilimwona mwanangu analia kwa furaha. Mara ya mwisho kumwona analia tulikuwa tunamzika baba yake.” Akanifuta uso kwa upindo wa kanga. “Ulipoleta ile ya kanzu ulikuwa umefurahi. Sikutaka kukuvunja moyo. Ningekwambia mapema, yasingefika huku.”

Tulilia wote wawili. Kisha akanikabidhi fremu na kuniambia nikiipasua nisirudi kwake.

Evarist akaiskani, tukaituma ubalozini. Asante kwa kuwasiliana nasi, usijibu ujumbe huu. Kwa Feisal niliipiga kwa simu nikamtumia, nikaandika chini yake: “Hii ndiyo ndoa yangu. Ile nyingine nimeichana.” Na kweli, nilirudi nyumbani nikapanda kwenye kiti, nikaishusha ile ya kanzu, nikaichana vipande baba ananiangalia. Ukutani ukabaki msumari.

Jibu lilikuja asubuhi, la kwanza tangu tugombane.

“Mwambie baba amwite sheikh Ijumaa ijayo baada ya swala. Nitasema neno langu.”

Nilipiga, hakupokea. Nikampelekea baba simu asome mwenyewe. Alisoma, akanirudishia, akasema angalau kijana ana adabu, anaachana kwa njia. Ijumaa hiyo ilikuwa ndiyo siku ya ishirini na moja ya ubalozi. Nilisema moyoni, haya, vyote vife siku moja nipumzike.

Ijumaa walikuja sheikh, Rahim na Bi Mwanaasha, ambaye tangu afike hakumtazama baba yangu usoni. Baba akatafuta pa kuweka simu ili wote tusikie. Akavuta mto mwekundu, ule ule, akaiegemeza hapo pembeni yangu. Nadhani hakukumbuka. Mimi nilikumbuka, nikauma kanga yangu nisitoe sauti.

Akapiga. Sauti ya mwanamke ikatwambia namba hiyo haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Mara ya tatu vile vile.

“Kakimbia,” baba akasema.

Sheikh akafunga daftari lake. Alisema talaka ni neno la mume, na mume hayupo hewani, kwa hiyo yeye haandiki kitu. Baba akaanza kuuliza taratibu za kwenda kwa kadhi.

“Piga tena, baba,” nikasema.

“Zuleha, imetosha.”

“Piga. Kama ni kuachwa, niachwe kwa sauti yake. Niliolewa na simu, watu wakacheka. Sitaachwa na mashine.”

Baba akanyoosha mkono kwenye simu. Hapo ndipo tuliposikia hodi.

Rahim akajibu karibu, akidhani ni jirani. Akaingia mtu kavaa koti zito la baridi, joto lote lile la Mpanda, macho mekundu ya safari, begi moja begani. Bi Mwanaasha alianza kulia kabla sisi wengine hatujaelewa. Mwanaume akampa sheikh mkono, akampa baba, akainama kwa mama yake. Kisha akaitazama sebule: ukuta wenye msumari mtupu, mimi, mto, na simu juu yake.

“Hiyo simu iondoeni,” Feisal alisema. “Hapo ni pangu.”

Baba aliiondoa mwenyewe. Feisal akakaa chini, ananuka basi na jasho.

“Kibali je?” baba akauliza.

“Nimekiacha. Waliniambia nisubiri ubalozi ufunguliwe ndipo uchunguzi uendelee. Nikauliza lini, wakasema hawajui. Kazi nimeacha, baba. Nimerudi na begi hili tu.” Akaliweka begi miguuni. “Neno langu ni kwamba talaka sitoi. Kama hunitaki tena, nifukuze, lakini sitoi.”

Baba akamwambia Rahim akamletee kaka yake maji ya kunywa, na kwa Mzee Zubery hilo ni jibu kamili.

Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama amenisamehe.

“Bado,” akasema. “Kwa simu nilishindwa. Nimekuja nijaribu nikiwa karibu.”

Akaweka mkono wake juu ya wangu. Nikakihisi kile kidole kisicho na ncha, na ndipo nikalia mbele ya sheikh na watu wote bila kujificha.

Sitawadanganya kwamba maisha yalinyooka. Kuna siku namwona amekaa na karatasi za kibali chake mkononi, na najua ni mimi niliyemfikisha hapo. Tunalima Kakese shamba la mama yake, na nikikosea kitu haniambii, anatoka kwanza nje, anarudi ndiyo anasema. Lakini anarudi.

Mwezi uliopita Evarist alinitumia meseji: ubalozi umefungua. Wanasema siku walizofunga hawazihesabu, wamepokea picha yangu, na nifike Nairobi na ushahidi zaidi kwamba ndoa ni ya kweli. Nilimsomea Feisal akiwa anafunga gunia la mpunga, jasho linamtiririka.

“Wanataka nini?” akauliza.

“Ushahidi kwamba tumeoana.”

Akakaza kamba.

“Njoo shika upande huo,” akaniambia, “mama anangoja gunia lake.”

Nikaweka simu chini, nikashika.